Tulisema nusu kwa nusu, hatukusema nusu ya nini

Shangazi, shikamoo.

Mimi na mwenzangu tunaendesha karakana ya kuchapa picha za sanaa hapa Dar es Salaam. Tuna mashine moja ya rola, ile ya kuzungusha gurudumu kwa mkono, meza ya wino, kamba za kukaushia karatasi, na chumba kidogo cha tindikali upande wa uani. Si kazi ya kadi za harusi wala mabango. Mchoraji anakuja na wazo lake, tunamsaidia kulifikisha kwenye bamba la shaba au kipande cha lino cha kuchongwa, kisha tunachapa nakala moja moja na yeye anasaini.

Mwaka jana alitujia mzee mmoja mchoraji ambaye jina lake mjini ni kubwa. Turubai anaijua, lakini shaba hakuwahi kuigusa. Alichora kwa sindano juu ya nta, wavuvi wakivuta nyavu, na mistari yake ilikuwa mizuri sana. Mengine yote tulifanya sisi. Nina kijana mmoja hapa mwenye mikono ya ajabu. Ndiye aliyenyunyiza unga wa utomvu kwenye bamba, akaupasha moto ukashika, akalitumbukiza bamba kwenye tindikali mara kadhaa mpaka vivuli laini kama vya rangi ya maji vikatokea. Mzee alitaka wino mweusi mtupu. Kijana, bila kuambiwa, akachapa nakala moja ya majaribio akiwa ameupaka mchanga wa chini rangi ya udongo kwa kitambaa kidogo. Mzee alipoiona alicheka kwa furaha, akasema, "Hiyo hiyo, msibadilishe kitu."

Tukachapa nakala 25. Karatasi ya pamba iliyoagizwa nje, wino, shaba, umeme na siku zote za kazi tulitoa sisi. Hatukuandikiana. Mzee alisema tu, "Tutagawana nusu kwa nusu, wanangu," nasi tukaona aibu kumdai karatasi mtu wa umri wa baba yetu. Akasaini zote, akabeba 20 kwenda kwenye maonyesho, akatuachia tano. Nyingi zimeuzwa, nyingine zimekwenda Ulaya. Alichotupa mpaka leo hakifiki hata bei ya karatasi. Nikimuuliza ananiambia wenye ukumbi wamekata nusu yao na fremu zilikuwa ghali.

Sasa kuna hoteli imeipenda picha hiyo na inataka kumi kwa ajili ya vyumba vyake. Bamba bado liko kwetu. Mzee anasema tuchape kumi nyingine na tuandike chini "A.P.", nakala za msanii, "nani atajua?" Atatulipa taslimu siku hiyo hiyo. Shangazi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na hatuna. Mwenzangu anasema tuchape, tulipe kodi, maneno mengine baadaye. Kijana naye aliposikia habari za hoteli amesema mara hii anataka jina lake liandikwe kando ya la Mzee, la sivyo anaondoka. Mzee amejibu kwamba fundi ni fundi.

Nifanyeje?

Mwenye karakana, Dar es Salaam

N.B. Tunatumia tindikali ya nitriki, na feni ya chumba kile imekufa. Kijana ameanza kukohoa. Kuna kitu kingine cha kutumia?

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujafika mwisho wa jibu hili, funga chumba cha tindikali. Nitalirudia, lakini funga kwanza.

Zile kumi msizichape. Najua kodi ni kodi, na kwa hapa mjini kuombwa miezi sita kwa mpigo si hadithi. Lakini angalia mnachoombwa kuuza. Aliyenunua nakala ya 7/25, yaani ya saba kati ya 25, alilipia karatasi yenye wino, na alilipia pia ahadi kwamba nyuma ya hizo 25 hakuna nyingine zinazofuata. Ndiyo maana alitoa hela ambayo asingeitoa kwa posta ya ukutani. Mkichapa kumi za ziada mtakuwa mmemchukulia kitu ambacho tayari ni chake, na yeye yuko Ulaya hajui lolote.

Nakala za msanii ni jambo halali kabisa. Ni chache zinazochapwa pamoja na toleo lenyewe, yaani zile nakala zenye namba, mchoraji anabaki nazo, na zinaandikwa kwenye kumbukumbu za karakana siku ile ile. Desturi ni kama moja kwa kila kumi. Kwa toleo la 25, mbili au tatu hakuna wa kukuuliza. Kumi juu ya 25, tena zimejitokeza mwaka mzima baadaye, mtu yeyote anayeuza picha za kuchapa ataziona na kucheka. Na hilo la "nani atajua", mwambie Mzee kwamba shaba inajua. Vivuli vile vya unga wa utomvu ni vijishimo vidogo sana, na kila mara bamba linapopita chini ya rola vinazidi kulainika. Nakala ya 35 haitakuwa na mchanga ule ule wa nakala ya pili. Weka zote mbili mezani uone. Halafu ni chumba cha hoteli, mwanangu! Kila anayelala humo ana simu yenye kamera.

Hoteli yenyewe msiipoteze. Mara nyingi mwenye hoteli anapenda mkono wa mchoraji na ile habari ya wavuvi, hajali sana kama ni bamba hili au lile. Mpelekeeni pendekezo la picha mpya ya Mzee, mada hiyo hiyo ya pwani, toleo dogo la nakala 12 mahususi kwa hoteli, na wao watangulize nusu ya malipo kabla hamjakata shaba. Malipo hayo ya kutanguliza ndiyo kodi yenu, au angalau sehemu yake ya kumnyamazisha mwenye nyumba. Wakishikilia picha ile ile tu, basi wauziwe kutoka zile tano zilizobaki kwenu na zile ambazo Mzee hajauza, kwa bei yake halisi. Wakitaka rahisi zaidi, Mzee anaweza kuwaruhusu watengeneze picha za kawaida za kuchapwa na kompyuta, zisizo na namba wala saini ya penseli, zikiitwa posta. Ruhusa hiyo ni ya Mzee kutoa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtu akinunua picha amenunua ile nakala, hakununua haki ya kuizalisha. Na nyinyi kukaa na bamba hakuwapi haki hiyo.

Bamba hilo lipakeni mafuta mepesi, lifungeni kwenye karatasi na kulitia kabati lenye ufunguo, maana hewa yetu ya bahari haiipendi shaba. Mkishaelewana na Mzee, lifuteni: mnapiga mstari mmoja mrefu wa sindano kukata picha yote, mnachapa nakala moja yenye huo mstari, mnaitunza kama ushahidi. Msilifute kabla yeye hajakubali, kwa kuwa mistari iliyomo ni yake. Lakini msiliache hivi hivi miaka nenda miaka rudi. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alifariki mwaka 1669, na mabamba yake kadhaa yakaendelea kuzunguka kutoka mkono hadi mkono. Katika karne ya 18 yalikuwa Paris, watu wanayachonga upya mistari iliyofifia na kuyachapa. Mpaka leo wanunuzi wanalazimika kuchambua ipi aliichapa akiwa hai na ipi ni ya hao wafanyabiashara, na tofauti ya bei ni mbingu na ardhi.

Sasa hiyo nusu yenu.

Nikuwekee hesabu ya mfano, si bei zenu. Tuseme kila nakala inauzwa shilingi 400,000. Nakala 25 ni milioni 10. Ukumbi unakata nusu, zinabaki milioni tano. Tuseme gharama zenu zote, yaani karatasi, shaba, wino na siku za mafundi, ni 2,400,000. Mkitoa gharama kwanza, zinabaki 2,600,000, kila upande unapata 1,300,000, na nyinyi mmesharudishiwa fedha mliyotanguliza. Lakini mkigawana ile milioni tano kabla ya kutoa gharama, Mzee anaondoka na 2,500,000. Nanyi mnapata 2,500,000 hiyo hiyo, mnalipa gharama, mnabaki na laki moja. Laki moja kwa kazi ile! Na zote mbili zinaitwa nusu kwa nusu. Ipo pia njia ya tatu, ya kugawana nakala badala ya fedha: 12 zake, 12 zenu, moja ya kumbukumbu za karakana, kila mtu auze za kwake kwa jasho lake. Kwa hesabu hiyo Mzee amebeba nane zaidi.

Mimi naamini Mzee hakuwaibia. Nadhani yeye anaamini amewapa nusu, na nyinyi mnaamini hajawapa, na wote mnasema kweli. Makubaliano ya mdomo ni mkataba kwa sheria zetu, ila kazi ni kuyathibitisha. Kwa hiyo kusanya ujumbe wote wa simu mliotumiana, risiti za karatasi na shaba, na daftari la siku za kazi. Mwende nyinyi wawili nyumbani kwake, si kwenye maonyesho mbele za watu, mkiwa na mtu mmoja anayeheshimika na pande zote. Useme hivi: "Baba, tumekuja tuhesabu kama ulivyoahidi. Tumeleta gharama zetu, tunaomba nawe utuonyeshe zilizouzwa na zilizobaki." Usianze na neno la hoteli. Likitajwa na yeye, ndipo umweleze habari ya picha mpya na malipo ya kutanguliza. Mzee anayeletewa kazi mpya mkononi anahesabu ya zamani kwa moyo mwepesi zaidi.

Kuanzia hapo, mchoraji akibisha hodi muulize swali moja tu kabla hujamkaribisha chai: hii ni kazi ya kulipwa au ya ubia? Kama ni ya kulipwa, anawalipa siku zenu na vifaa, nakala zote ni zake, hamna mnachodai baadaye hata akiuza kwa mamilioni. Ikiwa ubia, karakana inabeba gharama na nakala au mapato yanagawanywa. Karakana changa isiwe na kazi mbili za ubia kwa wakati mmoja, itakufa ikiwa na picha nzuri ukutani. Andikeni karatasi moja: toleo ni nakala ngapi, za msanii ngapi, nani anatoa gharama, gharama zinatoka kabla ya mgao au baada, nani anauza, bamba linafutwa lini. Wote wasaini kabla nta haijapakwa. Na siku ya kuchapa, mchoraji achague nakala moja iliyomridhisha na aandike juu yake kwamba ameikubali. Hiyo ndiyo kipimo, zote zifanane nayo. Inaokoa ugomvi mwingi wa "hivi sivyo nilivyotaka".

Nije kwa kijana, na hapa utanisamehe.

Umeandika kwa uchungu jinsi Mzee alivyowapa fedha isiyofika bei ya karatasi. Katika barua yote hujaniambia wewe umempa nini kijana huyu. Nauli na chakula? Kitu cha siku mkipata? Aliyefanya mchanga ule uonekane mchanga ni yeye, na picha imeuzika. Mzee kasema fundi ni fundi. Nauliza tu, karakana yako inasema nini?

Anachokitaka, jina kando ya saini, hakizoeleki, na sikushauri umpe hicho. Saini ya penseli upande wa kulia ni ya mwenye wazo. Mistari ni ya Mzee, wavuvi ni wa Mzee, na ndiye aliyesema hiyo hiyo. Lakini kutosaini si kufutika. Huko Japani picha za kuchapwa kwa ubao za akina Hokusai zilikuwa kazi ya watu wanne: mchoraji, mchonga ubao, mchapaji, na mchapishaji aliyetoa fedha. Muhuri wa mchapishaji ulikuwepo mara nyingi, na katika baadhi ya picha utakuta hata jina la mchongaji. Msanii June Wayne alipoanzisha karakana ya Tamarind mjini Los Angeles mwaka 1960, shabaha yake ilikuwa kufundisha wachapaji wa kwenye jiwe ambao Marekani ilikaribia kuwakosa kabisa. Chapa za pale zilibeba muhuri wa karakana na muhuri wa mchapaji mwenyewe, iliyokandamizwa bila wino pembeni mwa karatasi, unaiona ukiinamisha picha kwenye mwanga. Kila toleo lina karatasi yake ya maelezo: nani alichapa, karatasi gani, wino gani, nakala ngapi za kila aina. Tamarind ilihamia Albuquerque mwaka 1970, kwenye Chuo Kikuu cha New Mexico, na bado inafundisha wachapaji.

Basi mchongeeni kijana muhuri wake mdogo, na karakana iwe na wake. Fundi wa kuchonga mihuri ya ofisi anaweza kukutengenezea wa kukandamiza kwa gharama isiyotisha. Jina lake liandikwe kwenye karatasi ya maelezo ya toleo, na Mzee asaini karatasi hiyo. Kila toleo apewe nakala moja ya mchapaji, iliyoandikwa hivyo, iwe mali yake, auze au amtundikie mama yake. Alipwe kwa siku, kiasi kinachojulikana, iwe picha imeuzwa au haijauzwa, kwa kuwa hatari ya biashara ni yenu mliofungua mlango, si yake. Na kwa toleo hili la wavuvi, katika nakala tano mlizobaki nazo, moja mpeni yeye. Mwambieni Mzee mnapokwenda kuhesabu, asije akasikia kwa watu. Mchoraji akileta kazi ambayo kijana atakuwa amebuni nusu ya picha tangu mwanzo, hilo ni jambo jingine, na hapo majina mawili yanaweza kukaa chini ya picha. Semeni kabla ya kuanza.

Waliokuwa wakipita Nyumba ya Sanaa, iliyoanza hapa Dar mwaka 1972, wanakumbuka picha za bamba za akina George Lilanga zilivyonunuliwa na wageni na kwenda mbali. Leo nakala kama hizo zikijitokeza mnadani, mtu hana cha kushika ila penseli iliyoandikwa chini na kumbukumbu zilizotunzwa na waliochapa. Andika zako kwa mwandiko unaosomeka.

Na tindikali. Nitriki ikikutana na shaba inatoa moshi wa rangi ya kahawia ambao unaunguza mapafu, na ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kujiona mzima kisha hali ikabadilika saa kadhaa baadaye. Kijana aende hospitali kesho, na amwambie daktari wazi kwamba amekuwa akivuta moshi wa tindikali ya nitriki, asiseme tu ana kikohozi. Gharama ni yako.

Badala yake tumieni kloridi ya feri, ile inayotumiwa na mafundi wa elektroniki kuchonga saketi. Inakula shaba taratibu na mstari unatoka safi, bila moshi ule. Wengi huongeza asidi ya sitriki kidogo ili tope lisigande kwenye mistari, njia iliyoenea kutoka Edinburgh. Bamba lisimamishwe wima au lielekezwe uso chini, tope lidondoke. Vaeni glavu na miwani ya kukinga macho hata hivyo, na msitie humo zinki wala alumini, inachemka na kutoa gesi. Mashine ya kuchapia isikae chumba kimoja nayo, italiwa kutu. Kloridi ikichoka msiimwage mtaroni, ina shaba iliyoyeyuka. Itulizeni kwa magadi kidogo kidogo mpaka iache kutoa povu, tope likae chini, likusanywe.

Nitriki iliyobaki iacheni kwenye chombo chake, kizibo kikazwe, mbali na mafuta ya taa na vitambaa vya kufutia wino, maana vikikutana vinaweza kuwaka. Wanaosimamia kemikali nchini ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wapigie uwaulize mnaipeleka wapi. Feni itengenezwe hata kama mmeshahamia kwenye feri, na unga wa utomvu nao usinyunyizwe karibu na jiko wala bila barakoa.

Ukishaonana na Mzee niandikie alisemaje, hasa kuhusu zile nane.

Shangazi